Juni Zetu za Matema

Kila mwezi wa Juni, shule zinapofungwa, familia yetu hufunga safari kutoka Dar es Salaam kwenda Matema, kijiji kilichoko kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, na kila Juni hawakosekani jamaa wa kutuuliza kama nchi hii imeishiwa mahali pengine pa kupumzikia. Swali lao si la dharau. Kwa gharama ile ile ya mafuta, chakula na malazi tungeweza kuwaonyesha watoto Ngorongoro mwaka huu na Kigoma mwaka ujao, nao wangerudi shuleni wakiwa na mengi ya kuwasimulia wenzao. Hata hivyo, kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyozidi kushikilia kwamba likizo ya kurudi kijiji kile kile imetupa vitu ambavyo safari za kubadilisha mahali zisingeweza kutupa, na kwamba vitu hivyo vilianza kuonekana pale tu wenyeji walipoacha kutuhesabu kuwa wapita njia.

Ni vema nieleze kwanza mahali penyewe. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki wa ziwa, na hapo Matema huanza kupanda karibu kabisa na maji hadi kufikia vilele vyenye urefu wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa lenyewe liko kwenye mita zisizofika 500. Kwa sababu hiyo jua la asubuhi huchelewa kijijini. Watu wa tambarare ya Kyela huwa wamekwisha kuanika mpunga wao wakati Matema bado iko ndani ya kivuli cha mlima, na wageni wasiojua jambo hilo hudhani kuna wingu la mvua. Jioni mambo hugeuka, kwa kuwa upande wa magharibi hakuna kizuizi cha karibu, hivyo mwanga hukaa juu ya maji hadi watoto wanapochoka kukimbia mchangani.

Safari ya kufika huko ni ndefu, na sitaipamba. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kuna mabasi na malori mengi njiani, kuna Mikumi ambako lazima mwendo upunguzwe kwa ajili ya wanyama, na kuna mlima wa Kitonga ambao mume wangu huupanda bila kusema neno. Sisi hulala Iringa. Sehemu inayolipa uchovu wote ni ya siku ya pili, baada ya kukata kusini pale Uyole. Tukuyu iko kwenye mita kama 1,600, kuna baridi na manyunyu hata mwezi wa Juni, chai na migomba imefunika vilima. Kisha barabara huanza kuteremka, na katika saa chache za mteremko huo watoto huvua masweta, halafu soksi, halafu huomba madirisha yafunguliwe, huku migomba ikichanganyika na michikichi na mikakao, na mwishoni mashamba ya mpunga yakitanda pande zote. Zamani kipande cha kutoka Ipinda kilikuwa cha udongo na kilimla mtu nusu siku wakati wa mvua. Siku hizi lami inafika Matema.

Aliyetufundisha kulitazama ziwa hakuwa mwenyeji wa Matema. Alikuwa mama mkwe wangu, aliyezaliwa Pangani katika ukoo wa wavuvi, ambaye mwaka mmoja alikubali kufuatana nasi kwa shingo upande, akisema kwamba mtu wa baharini hana haja ya kusafiri siku mbili kwenda kutazama maji. Siku ya kwanza alikaa chini ya mwembe akisubiri maji yapwe. Hayakupwa. Alionja maji yale akayakuta hayana chumvi, akatikisa kichwa, akawaambia wajukuu wake kwamba bahari hii haijakamilika. Siku ya tatu upepo wa kusini ulianza kuvuma, mawimbi yakawa makubwa kiasi cha kumwagikia mitumbwi iliyokuwa imevutwa juu ya mchanga, na hapo ndipo bibi yule alipoinuka, akafunga khanga yake vizuri, akaenda moja kwa moja hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa akikagua nyavu zake pembeni ya mtumbwi.

“Hujambo, kaka. Leo hamwingii majini?”

“Sijambo, dada. Leo ziwa limekataa.”

“Kwetu nako likivuma kusi, wanaume hukaa barazani wakashona nyavu.”

“Basi karibu ukae, dada. Kazi ni hiyo hiyo.”

Akakaa. Alikaa hadi adhuhuri, na alipoturudia alikuwa na maelezo ambayo hakuna aliyewahi kutupa. Upepo ule, alisema, ni ndugu wa kusi linalovuma pwani katikati ya mwaka na kuwasukuma mabaharia kwenda kaskazini. Tofauti ni kwamba hapa umebanwa kati ya milima ya pande mbili. Mimi nilikwenda kuangalia ramani nikaona alivyokuwa na haki. Ziwa Nyasa limelala kutoka kusini kwenda kaskazini kwa urefu wa takriban kilomita 560, na Matema iko kwenye ncha ya mwisho ya njia hiyo, hivyo wimbi linaloanzia mbali huko Malawi huweza kupata nafasi ya kukua njia nzima kabla ya kuvunjikia mbele ya nyumba tunayopanga. Wenyeji hawahitaji ramani kulijua hilo. Wao huangalia milima ya ng’ambo asubuhi, huangalia rangi ya maji mbali, kisha husema kama kuna safari au hakuna.

Tangu mwaka huo hatupangi tena siku ya kwenda Ikombe. Ikombe ni kijiji cha Wakisi kilichoko chini ya mlima, upande wa mashariki wa Matema, ambako watu wengi hufika kwa mtumbwi au boti. Mtu wa mjini hupenda kuandika kwamba Jumatano ni Ikombe na Alhamisi ni maporomoko ya maji ya mlimani. Sisi huwaambia watoto kwamba tutakwenda siku ziwa litakapokubali, na kwamba huenda lisikubali kabisa. Mwanzoni jibu hilo liliwaudhi. Baadaye nilimsikia kitinda mimba wetu akimweleza mtoto wa wageni wengine, kwa sauti ya mtu mzima, kwamba nahodha akikataa mtu habembelezi.

Kalenda nyingine inayotawala kijiji ni ya mwezi wa angani. Samaki anayelisha nyumba nyingi hapa ni usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, na anavuliwa usiku kwa taa: mwanga humvuta kuja juu, kisha nyavu humzunguka. Mbalamwezi inapokuwa kali mwanga wa taa hauna nguvu tena, usipa hutawanyika, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo familia inayofika Matema katika giza na familia inayofika katika mbalamwezi huwa zimetembelea vijiji viwili tofauti. Wakati wa giza, taa hujipanga juu ya maji tangu saa mbili usiku, watu hulala kwa zamu, na asubuhi mwambao wote huwa soko la beseni na ndoo. Wakati wa mbalamwezi wanaume hutengeneza mitumbwi, vijana hucheza mpira hadi usiku, na wazee huwa na muda wa mazungumzo.

Sisi tunapenda giza zaidi, hasa kwa sababu ya kazi. Mama mwenyeji wetu hununua usipa kwa wavuvi na kuwaanika kwenye vichanja na mchangani, na ipo miaka ambayo watoto wetu waliwatazama tu, wakapiga picha, wakaenda kuogelea. Nani alianza kuwapa kazi sikumbuki vizuri, ila nakumbuka kwamba hawakuombwa kwa adabu za hoteli. Waliambiwa: “Nyie wajukuu, bata wanakula mali ya bibi yenu, na mmesimama tu?” Kuanzia hapo wakawa na zamu ya kufukuza bata na kunguru na kugeuza usipa ili wakauke pande zote, na malipo yao yakawa bakuli la usipa wa kukaanga na ubwabwa wa mchele mpya. Juni ni msimu wa kuvuna mpunga Kyela, na mchele wa mwaka huo huo hunukia nyumba nzima. Hutaka maji machache kuliko ule uliokaa ghalani, jambo ambalo mama mwenyeji alinirudia mara nyingi kabla sijaaminiwa kusimamia sufuria.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimesikia wazazi wengi wakiutumia msemo huu kumsema mgeni aliyepitiliza, lakini mimi nauona kuwa ni heshima kwa mgeni mwenyewe, kwa sababu asiyepewa jembe ni yule ambaye watu wanasubiri aondoke. Watoto wetu walipewa jembe lao. Nasi tulipewa letu, na hilo si la likizo peke yake. Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, tulipigiwa simu kwamba ndugu wa mama mwenyeji amefariki. Tulituma rambirambi, na Juni ilipofika jambo la kwanza, kabla ya kufungua mizigo, lilikuwa kwenda kutoa pole msibani na kukaa pale saa nzima na zaidi, watoto wakiwa wameketi kimya wakati watu wazima wanasimulia jinsi marehemu alivyougua. Kuna michango ya harusi inayotufikia Dar es Salaam kwa simu. Kuna mtoto wa jirani aliyehitaji mahali pa kufikia alipokuja mjini kwa usaili. Mume wangu alinung’unika mara moja kwamba likizo imegeuka ukwe, na sikumbishia, kwa maana ni kweli. Ila naamini pia kwamba ni ukwe huo unaotufanya tusipokelewe kwa bei ya wageni wala kwa tabasamu la wageni.

Kuhusu maji ya ziwa lazima niseme waziwazi, kwa kuwa wazazi huniuliza na picha za mwambao mweupe haziwaambii. Ziwa Nyasa lina kichocho katika sehemu za mwambao wake, na hakuna anayeweza kukuapia kwamba mahali fulani ni salama kabisa. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji na kuingia mwilini kupitia ngozi, bila mtu kunywa tone lolote, na hutoka kwa wingi zaidi mchana wa jua kali. Sisi huepuka maji yaliyotuama, sehemu zenye matete na sehemu zilizo karibu na midomo ya mito. Huoga asubuhi kuliko mchana. Na majuma sita hadi nane baada ya kurudi nyumbani wote huenda kupima, kwa maana vipimo vya mapema vinaweza kukosa mayai ambayo bado hayajaanza kutoka. Dawa yake ipo na inajulikana, hivyo sioni sababu ya kumnyima mtoto ziwa, lakini naiona sababu kubwa ya kutosahau kupima. Jambo la pili ni mamba. Upande wa magharibi, mto Lufilyo unapoingia ziwani, hakuna wa kuoga wala wa kuchezea, na watoto wa kijiji ndio waliowakazia wetu agizo hilo kwa masimulizi ya usiku ambayo mimi nisingeweza kuyatunga. Malaria nayo haina msimu wa kupumzika huku chini, kwa hiyo chandarua ni kitu cha kwanza kutandikwa.

Pamoja na hayo, ziwa hili ni darasa. Katika sehemu zake za ndani kabisa kina chake kinakaribia mita 700, na chini ya takriban mita 250 maji hayana hewa ya oksijeni, hivyo samaki hawaishi huko. Habari hiyo iliwakosesha watoto usingizi kwa furaha. Wanasayansi wanalihesabu kuwa ziwa lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na wengi wao hawapatikani kwingine. Siku ziwa linapokubali, kwenye miamba ya njia ya Ikombe, mtu akivaa miwani ya kuogelea huona samaki wadogo wa buluu na manjano wakichokoa mwani juu ya mawe. Jamaa za samaki hawa hufugwa Ulaya na Marekani katika matangi ya vioo, na nahodha wetu hushangaa kila mara kwamba kuna mtu anayelipa fedha ili amtazame samaki asiyeweza kumshibisha.

Wanaotushangaza sisi ni wafinyanzi. Wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu bila gurudumu, kwa mikono yao tu, wakizungusha kazi taratibu na kuusugua udongo hadi ukuta wa chungu uwe mwembamba na sawa pande zote, kisha huvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe na kuvichoma kwa moto wa wazi. Vyungu hivyo hupakiwa mitumbwini, vikafungwa kwa nyasi, vikaletwa hadi Lyulilo, kijiji kinachopakana na Matema, ambako siku ya Jumamosi soko hujaa na wanunuzi hutoka mbali. Ukiona chungu chekundu chenye mistari myeupe kando ya barabara ya Mbeya, yawezekana kabisa kilianza safari yake kwenye mtumbwi.

Binti yetu mkubwa alikuwa na umri wa kukasirikia kila kitu mwaka alioketishwa mbele ya bibi mmoja mfinyanzi. Simu yake haikuwa na mtandao wa kumridhisha, rafiki zake walikuwa wakirushiana picha za Zanzibar, na mimi nilikuwa nimechoka kubembeleza. Yule bibi hakumbembeleza. Alimpa bonge la udongo, akamwonyesha mara moja, akaendelea na kazi yake. Vyungu vya kwanza vya binti vilianguka ndani. Bibi alivikanda tena bila kusema kitu, akamrudishia udongo ule ule. Ilipofika alasiri kulikuwa na kibakuli kimoja kilichosimama, kimepinda upande mmoja, nacho kikachomwa pamoja na vingine kwa sababu, kama alivyosema bibi, moto haubagui. Tangu siku hiyo ni yeye anayetuzuia kupunguzisha bei sokoni. Baba yake, ambaye hawezi kununua hata ndimu bila kujadiliana, aliambiwa mbele ya watu: “Baba, hicho kimevuka maji.” Alilipa.

Sitaki msomaji adhani kwamba kijiji kimegandishwa kwa ajili yetu. Lami imeleta watu wengi zaidi mwishoni mwa juma, kumekuwa na muziki wa sauti kubwa ufukweni, chupa za plastiki zimeongezeka, na bei za viwanja vya karibu na maji hutajwa sasa na watu ambao hawavui. Lami hiyo hiyo humfikisha mama mjamzito hospitalini haraka na kuutoa mchele na kakao sokoni kabla havijaharibika, kwa hiyo sina haki, mimi ninayekuja na gari, kuitamani barabara ya tope. Ninachokiona ni kwamba wenyeji wanajadiliana juu ya mabadiliko hayo kwenye mikutano yao, na kwamba mgeni wa miaka mingi akiulizwa maoni anapaswa kujibu kwa ufupi.

Mwaka huu mazungumzo ya nyumbani yamegeuka kuelekea juu. Wakinga wanaoishi milimani huteremka kwa miguu kuleta viazi na mazao mengine ya baridi sokoni, na watoto wamekuwa wakiwatazama wakirudi na mizigo ya samaki kwenye njia inayoonekana kutoka ufukweni kama mkwaruzo kwenye ubavu wa mlima. Sasa binti yetu anataka tuifuate njia hiyo hadi Bulongwa, upande wa Makete, tulale huko, turudi kesho yake. Mwana wa mama mwenyeji amekubali kutuongoza, lakini ametoa masharti: kuondoka gizani kabla jua halijauvuka mlima, kila mtu kubeba maji yake, sweta ya kweli na si ya kupendeza, na bibi wa Pangani abaki chini. Masharti matatu ya kwanza tumeyapokea. La nne bado linajadiliwa, kwa sababu mwenyewe amekwisha kununua viatu.